Jirani wa Kitanda cha Pili



Siku hizi si ajabu kusikia katika mazungumzo ya watu maneno kama haya: fulani alipelekwa hospitali kwa mguu uliovunjika, mguu ukaungwa vizuri, lakini siku ya kumi homa ikampanda, akapigwa sindano hii na ile, wala hakuna hata moja iliyomfaa. Au mama alijifungua salama, kisha mtoto akashikwa na maradhi ya damu kabla hajatoka wodini. Wenye kusimulia hutafuta wa kumlaumu. Huyu husema dawa za siku hizi ni za bandia. Yule husema matabibu wamepungukiwa na huruma. Na wa tatu, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, hunong'ona habari za uchawi na husuda.

Hatukatai kwamba dawa za bandia zipo, na uzembe upo. Lakini ipo sababu nyingine iliyo kubwa, nayo haisemwi sana majumbani mwetu kwa kuwa haionekani kwa macho. Katika ukurasa wetu wa mwezi huu twataka kuieleza sababu hiyo, yaani namna vijidudu vya maradhi vinavyopeana nguvu ya kushindana na dawa, na kwa nini hospitali ndipo mahali vinapopeana kwa wingi. Na twapenda msomaji akimaliza kusoma awe amelishika jambo moja: kwamba dawa inayotumiwa ovyo na mtu mmoja nyumbani kwake haimdhuru yeye peke yake, bali yaweza kumdhuru jirani ambaye huenda hamjui hata kwa sura.

ONYO LA ALIYEIVUMBUA DAWA

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, tabibu Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioingia katika kisahani chake cha kuoteshea vijidudu ulikuwa umeviangamiza vijidudu vilivyokuwa karibu nao. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini. Howard Florey na Ernst Chain, pamoja na wenzao wa Oxford, ndio walioifanya kuwa dawa ya kutibia wanadamu katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1945 watu hao watatu walipewa tuzo ya Nobel, na dunia nzima ilifurahi, kwani homa ya mapafu, homa ya uzazi na vidonda vilivyooza, vilivyokuwa vikiua watu wengi, sasa vilikuwa vimepatiwa dawa.

Lakini Fleming mwenyewe, katika khutuba yake ya kupokea tuzo hiyo mwezi wa Desemba 1945, hakusema maneno ya furaha tupu. Alitoa mfano wa mtu mmoja aumwaye koo. Mtu huyo akajinunulia penisilini mwenyewe, akaitumia kidogo, kiasi kisichotosha kuviua vijidudu bali kiasi cha kuvifanya vishindane na dawa. Kisha akamwambukiza mkewe vijidudu vile. Mke akaugua homa ya mapafu, akatibiwa kwa penisilini, dawa isimfae, akafa. Fleming akauliza ni nani basi aliyesababisha kifo cha mwanamke yule, akajibu kwamba ni mumewe, kwa matumizi yake mabaya ya dawa.

Twaomba kila mwenye nyumba aufikiri mfano huo. Aliyekosa si yeye aliyekufa. Aliyekosa alipona koo lake, na pengine akaisifu dawa.

VIJIDUDU NI NINI, NA USUGU NI NINI?

Vijidudu tunavyovisema hapa ni bakteria, viumbe vya chembe moja visivyoonekana ila kwa darubini. Si vyote vilivyo vibaya. Matumboni mwetu vimo vingi mno vinavyotusaidia katika kusaga chakula, na hiyo ni katika hekima za Muumba. Vibaya ni vile viletavyo maradhi, na hata vile vizuri vyaweza kuleta maradhi vikiingia pasipo pao, kama vile katika damu au kibofu cha mkojo. Dawa za kuviua bakteria ndizo ziitwazo antibayotiki. Ama virusi, vinavyoleta mafua na vikohozi vingi vya watoto, ni viumbe vya namna nyingine kabisa, na antibayotiki haziviui hata mtu akizimeza kwa kibaba.

Watu husema kwamba kijidudu "kimeizoea" dawa. Neno hilo latosha kwa mazungumzo, lakini halielezi jambo lilivyo. Katika kundi kubwa la vijidudu huwamo vichache vilivyo tofauti kidogo na vingine. Kimoja kina kitu cha kuikatakata dawa. Cha pili kina mfano wa bomba dogo la kuisukuma dawa nje ya mwili wake. Cha tatu kimebadilika pale mahali ambapo dawa hushika, ikawa dawa haina pa kushikia. Hapo dawa inapoingia, huviua vilivyo dhaifu na kuviacha hivi vichache vikiwa na nafasi na chakula peke yao. Bakteria wengine, wakiwa katika hali njema, hujigawa mara moja kila dakika 20. Kijidudu kimoja kikijigawa hivyo kwa muda wa saa 8 bila kizuizi, hupata kizazi cha zaidi ya milioni 16. Usiku mmoja watosha kubadilisha jamii nzima.

Nguvu hiyo ya kushindana na dawa huitwa usugu, nayo imeandikwa ndani ya kijidudu katika kile wataalamu wakiitacho jeni. Jeni ni mfano wa agizo lililoandikwa, lenye kukiambia kiumbe namna ya kutengeneza kitu fulani mwilini mwake. Jeni za usugu hazikuanza juzi. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wamezikuta katika ardhi iliyoganda kwa barafu huko Yukon, katika nchi ya Kanada, ardhi yenye umri wa miaka 30,000. Na mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea, Ernst Chain na mwenzake Edward Abraham walikwisha kuona kwamba wako bakteria wenye uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Basi mwanadamu hakuziumba jeni hizi. Alilolifanya ni kuzipa ufalme, kwa kuwaua washindani wao kila siku, kwa haki na bila haki.

URITHI WA AJABU

Sasa twafika kwenye kiini cha habari yetu. Sisi wanadamu hurithi kwa wazazi wetu. Mtoto hufanana na babaye au mamaye, wala hapana mtu awezaye kukaa na jirani yake barazani kisha akarithi kwake rangi ya macho. Watu wengi wa elimu walidhani kwamba vijidudu navyo ni hivyo hivyo, kwamba usugu huenda kwa kizazi na kizazi tu. Lau ingekuwa hivyo, taabu yetu ingekuwa ndogo.

Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wawili wanaweza kukutana na kupeana jeni. Hata hivyo lilionekana kuwa ni jambo la maabara tu. Waliolitoa hadharani pamoja na madhara yake ni wataalamu wa Japani.

Baada ya vita, Japani ilikuwa na taabu kubwa ya maradhi ya kuhara damu, yaletwayo na bakteria aitwaye Shigella. Kwanza watu walitibiwa kwa dawa za salfa. Muda si mrefu salfa zikashindwa. Zikaletwa dawa mpya: streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Katikati ya miaka ya 1950 matabibu wakaanza kuona jambo lililowashangaza. Walipata vijidudu vya Shigella visivyosikia dawa zote nne kwa mara moja. Kama usugu ungekuwa unakuja kwa bahati, dawa moja moja, ingechukua muda mrefu mno kwa kijidudu kimoja kuzikusanya bahati nne. Tena mgonjwa aliyetibiwa kwa dawa moja tu alionekana kuwa na vijidudu vyenye kushindana na zote nne. Na walipochunguza choo cha wagonjwa hao, walikuta bakteria wa kawaida wa matumboni, aitwaye E. coli, naye ana usugu wa dawa zile zile.

Mwaka 1959 wataalamu wa Kijapani, miongoni mwao Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, walithibitisha sababu. Walichanganya katika chombo kimoja E. coli mwenye usugu na Shigella asiye na usugu. Baada ya muda mfupi, Shigella naye akawa na usugu wa dawa zote nne. Hakuzaliwa nao, bali alipewa na jirani yake asiyekuwa hata wa kabila lake. Mwaka 1963 Tsutomu Watanabe aliieleza habari hii kwa Kiingereza, na hapo ndipo nchi nyingi za magharibi zilipoanza kuitilia maanani.

Hivi leo twajua namna jambo hilo linavyotendeka. Ndani ya kijidudu, mbali na maandishi yake makuu, huweza kuwamo pete ndogo ya maandishi iitwayo plasmidi, jina alilolitunga Lederberg mwaka 1952. Pete hiyo moja huweza kubeba jeni za usugu wa dawa nyingi pamoja. Kijidudu hutoa kijinywele chembamba, hujivuta karibu na jirani yake, kisha hunakili pete ile na kumpa nakala, naye mwenyewe hubaki na yake. Hapungukiwi na kitu. Aliyepewa naye huweza kumpa mwingine. Na kwa kuwa jeni hizo zimefungwa pamoja katika pete moja, mtu akitumia dawa moja tu huzilinda zote, hata zile za kushindana na dawa ambazo hajapata kuzimeza maishani mwake.

Ziko njia mbili nyingine. Kijidudu kikifa na kupasuka, vipande vya maandishi yake humwagika, na kijidudu kingine huweza kuviokota na kuvitia mwilini mwake. Na wako virusi wanaoshambulia bakteria tu. Hao nao mara nyingine huchukua kipande cha maandishi kutoka kwa mmoja na kukiingiza kwa mwingine. Lakini katika hospitali, njia ya pete ndiyo yenye khatari zaidi.

KWA NINI HOSPITALINI?

Mtu atauliza, hospitali si mahali pa usafi na dawa? Naam, na ndiyo sababu yenyewe. Tuyatazame mambo manne yanayokutana hapo.

La kwanza, dawa za antibayotiki hutumika kwa wingi, na kila dozi huviua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vile vyenye usugu. La pili, wagonjwa wenye miili iliyodhoofika hulala karibu karibu, kila mmoja na vijidudu vyake vya matumboni na vya ngozi. La tatu, miili yao imefunguliwa milango: sindano ya maji mshipani, mpira wa mkojo, jeraha la upasuaji, bomba la kupumulia. La nne, iko mikono. Mkono wa mwuguzi, wa tabibu, wa mfagizi, na wa ndugu aliyekuja kutazama hali, hupita kutoka kitanda hiki hadi kile, na kwenye meza, pazia, kitasa na bomba la maji. Katika mabomba ya kutolea maji machafu ya masinki ya hospitali, wataalamu wamekuta makundi ya bakteria wa aina nyingi wakiishi pamoja katika utelezi, mahali pafaapo sana kwa kupeana pete zile.

Basi na tufuate safari ya jeni moja. Mzee amelazwa akiwa na E. coli matumboni mwake mwenye pete ya usugu. Hamdhuru, mzee hajui kama anaye. Anapewa antibayotiki kwa ajili ya kidonda. Bakteria dhaifu wa matumboni wanakufa, mwenye pete anaongezeka. Humo matumboni anakutana na bakteria mwingine aitwaye Klebsiella, anampa nakala. Mzee anageuzwa kitandani, shuka inabadilishwa, na mkono usiooshwa unakwenda kurekebisha mpira wa mkojo wa kijana wa kitanda cha pili. Klebsiella anaingia kibofuni, kisha katika damu. Kijana yule hajapata kuitumia dawa ile hata siku moja, na sasa haimfai. Hivi ndivyo mtu anavyorithi madhara ya dawa asiyoimeza.

Na haya si ya kubuni. Mwaka 2008 nchini Sweden alitibiwa mgonjwa ambaye kabla ya hapo alikuwa amelazwa hospitalini huko New Delhi, India. Katika mkojo wake alionekana Klebsiella mwenye jeni mpya yenye kuvunja hata dawa ziitwazo kabapenemu, ambazo matabibu huzihifadhi kwa hali ngumu. Walipochunguza choo chake, wakamkuta E. coli naye ana jeni ile ile. Habari ilitangazwa mwaka 2009, na jeni ikaitwa NDM-1, kwa jina la mji huo. Jina hilo si hoja ya kuwalaumu watu wa India, kwani usugu huzuka kila nchi. Lakini jeni haina pasi ya kusafiria. Mwaka 2011 maandishi ya kitaalamu yalitangaza kuonekana kwake Nairobi, na mwaka huo huo ikatangazwa vile vile Oman. Wasomaji wetu wengi wana jamaa wanaosafiri kwenda kutibiwa ng'ambo. Ni vyema mtu akirudi na kulazwa tena amwambie tabibu mapema kwamba alilazwa wapi, ili achunguzwe na wenziwe walindwe.

Wala utajiri haumkingi mtu. Mwaka 2011, katika hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani iliyoko Bethesda, jimbo la Maryland, alilazwa mgonjwa mwenye Klebsiella sugu. Alitengwa, akatunzwa, akaruhusiwa. Wiki tatu baadaye akaonekana mgonjwa mwingine mwenye kijidudu kile kile, kisha mwingine. Walifika wagonjwa 18, wakafa 11, na vifo 6 kati ya hivyo vilihesabiwa kuwa vimetokana na kijidudu chenyewe. Walipotafuta walimkuta katika mabomba ya masinki, na hata katika mashine ya kupumulia iliyokwisha safishwa. Wako wagonjwa waliokibeba bila ya kuonyesha dalili yoyote.

Na kwetu je? Watafiti walioandika mwaka 2005 juu ya watoto waliolazwa Dar es Salaam wakiwa na maambukizo ya damu walieleza kwamba, kati ya wale waliopatwa na vijidudu vyenye kuvunja dawa za jamii ya penisilini na ndugu zake walio imara zaidi, walikufa zaidi ya theluthi mbili. Kati ya waliopatwa na vijidudu visivyo na usugu huo, walikufa kama wawili katika kila watano. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni watoto ambao huenda wangalirudi nyumbani. Kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya usugu wenyewe wa bakteria, na katika vifo milioni 4.95 usugu ulikuwa na sehemu yake.

YATUPASAYO SISI

Wako watakaosema: ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na siku ya mtu ikifika haina dawa. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatuondolei wajibu. Bwana Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alituhimiza tutafute dawa, na alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke mahali pamoja na ngamia wazima. Basi ikiwa ngamia wa jirani wana haki hiyo, je, mtoto wa jirani? Na Waislamu wa zamani walilifahamu jambo hili. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyomalizika kujengwa mwaka 1284, ilikuwa na kumbi mbalimbali: wenye homa mahali pao, wenye macho pao, wenye majeraha pao, na wenye kuhara pao.

Kwanza, tutazame desturi yetu ya kuzuru wagonjwa. Hiyo ni sunna tukufu, na mgonjwa asiyetembelewa huvunjika moyo. Hatusemi iachwe. Twasema ifanywe kwa adabu. Wasiingie watu kumi kwa mara moja. Asiketi mtu juu ya kitanda cha mgonjwa, wala asiweke mkoba wake hapo. Asiguse jeraha, wala mpira, wala chupa ya maji ya mshipani. Asimpe mkono huyu kisha akaenda kumpa mkono na wa kitanda cha pili kwa wema tu, bila ya kunawa baina yao. Dua husikiwa hata ikiombwa kwa mbali kidogo. Mwenye kidonda, au kuhara, au kikohozi, na atume salamu. Watoto wadogo wabaki nyumbani.

Pili, mikono. Mwaka 1847 huko Vienna tabibu Ignaz Semmelweis aliona kwamba katika wodi ya wazazi iliyohudumiwa na matabibu, akina mama 18 katika kila 100 walikufa kwa homa ya uzazi mwezi wa Aprili. Akaamrisha matabibu waoshe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 katika 100. Mikono ilikuwa ile ile, na elimu ile ile. Kilichoongezwa ni kunawa. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tusione uzito kunawa kwa sabuni tuingiapo wodini na tutokapo. Lakini tufahamu vile vile kwamba udhu wa asubuhi hausafishi mkono ulioshika mpira wa mgonjwa adhuhuri.

Wako ndugu wanaosita kutumia dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti, wakichelea kwamba ni haramu. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika mkutano wake wa Makka wa Januari 2002, lilitoa fatwa kwamba yajuzu kutumia spiriti kwa nje kwa kusafishia majeraha na kuua vijidudu. Basi aisitae mwenye kuhudumia wagonjwa. Ama mikono ikiwa na uchafu wa kuonekana, maji na sabuni ndivyo vifaavyo.

Tatu, dawa za nyumbani. Tusinunue antibayotiki kwa kuambiwa na rafiki, wala kwa kuwa vidonge vya rangi mbili vilimfaa mtoto wa jirani. Homa ipimwe kwanza, kwani yaweza kuwa malaria au virusi. Tusiweke mabaki kabatini kwa siku nyingine, wala tusigawane. Tabibu akiandika dawa, itumike kwa kiasi, kwa saa na kwa siku alizoziandika. Na akisema haihitajiki, tusimwone bakhili wala tusimwendee mwingine hadi apatikane wa kutupa. Nasi tuwachanje watoto wetu, maana mtoto asiyeugua hahitaji dawa.

Twajua kwamba wako wanunuao vidonge vya siku mbili badala ya saba, si kwa ujinga bali kwa kuwa mkononi mna shilingi za siku mbili tu. Hao si wa kulaumiwa. Wa kuulizwa ni sisi wenye nafasi. Katika sadaka zetu twakumbuka sufuria ya pilau na zulia la msikiti, na hayo ni mema. Lakini kumkamilishia jirani dawa yake ni sadaka ambayo faida yake humrudia mtoaji, kwani kijidudu kilichoachwa hai kwa jirani hakijui ukuta uliopo baina ya nyumba mbili. Wazee wa misikiti yetu wangefanya kheri kubwa kama wangetenga fungu dogo kwa jambo hili.

Nne, wafugaji. Kuku na ng'ombe wakipewa antibayotiki ili wanenepe tu, usugu huzuka bandani na kufika mezani. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba wamekuta, katika nguruwe, katika nyama na hata katika wagonjwa, jeni ya kushindana na kolistini, mojawapo ya dawa za mwisho wanazozitegemea matabibu. Nayo ilikuwa juu ya plasmidi, tayari kupeanwa. Mwaka 2017 serikali ya China ikakataza kolistini isitumike kukuzia wanyama. Sisi Waislamu hatumgusi nguruwe, lakini hilo halitutoi katika khatari, maana kuku wa bandani kwetu hulishwa dawa kwa njia ile ile.

Enyi vijana wetu, hasa mnaosoma sayansi, msidhani kwamba elimu hii ni ya watu wengine. Twahitaji wataalamu wa maabara wa kuotesha vijidudu na kumwambia tabibu ni dawa ipi itakayofaa, ili asipige risasi gizani. Twahitaji wauguzi wa kike na wa kiume wanaoona kunawa mikono kuwa ni amana. Mwenye kuifanya kazi hiyo kwa nia njema, nayo ni ibada.

Mambo tuliyoyaeleza hayahitaji mali nyingi wala majengo marefu. Yahitaji mtu akumbuke kwamba hayuko peke yake. Kwamba kidonge anachokimeza, na mkono anaounyoosha, vina njia ya kumfikia mtu mwingine. Vijidudu hupeana silaha bila ya kubaguana. Itakuwa aibu kubwa kama sisi tuliopewa akili tutashindwa kupeana hifadhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, awape nguvu wanaowahudumia, na atujaalie kuwa majirani wema, wa nyumba na wa kitanda. Amin.